Kabla Hujageuza Dari Kuwa Chumba, Shika Futi Kwanza

Mimi ni seremala. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, nimepandisha nyingi kuanzia Bahati mpaka Njoro, lakini paa lililonitia adabu ni langu mwenyewe, hapa Lanet, Nakuru, Kenya. Nyumba ya vyumba viwili, watoto wanne, halafu mama akaja kuishi nasi. Tukaanza kutazama juu.

Panda juu ya silingi na tochi na futi. Pima kutoka mbao za silingi mpaka chini ya kilele cha paa. Mapaa mengi ya mabati huku kwetu yamelala: nyumba ya upana wa mita 6 yenye mwinuko wa nyuzi 20 inakupa mita 1.1 hivi pale katikati. Hapo weka masanduku, kitanda sahau. Langu lina upana wa mita 7 na kilele cha mita 2.5, maana nilipolijenga nilitaka paa lililochongoka. Nikajisifu mapema. Kwa hesabu ya karatasi, sehemu ambayo mtu wa mita 1.8 angetembea bila kuinama ilikuwa na upana wa karibu mita 2. Tukaweka hesabu ya sakafu mpya na silingi mpya chini ya mabati, ikabaki mita 1.4. Hiyo ni korido. Ikabidi paa liinuliwe upande wa nyuma ili tupate nafasi ya kichwa na dirisha.

Kisha pima ngazi, na hapa ndipo wengi huangukia. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu kwangu ni mita 2.8. Ukipanda kwa hatua 15, kila moja ina kimo cha sentimita 18 na ushei. Ukiweka sentimita 25 za kukanyaga, ngazi iliyonyooka inalala mita 3.5. Hiyo ni sebule yangu nzima. Niliikunja kona, na bado kiti kimoja cha sofa kilihamia kwa dada yangu. Hakikisha pia ngazi inatokea karibu na katikati ya paa, la sivyo kila anayepanda atapiga kichwa kwenye pau, zile mbao za paa.

Sasa kosa langu. Nilitaka nafasi ya kupita, nikakata mbao mbili za mshazari kwenye kenchi kabla sijamwita mhandisi. Si nilizigonga misumari mimi mwenyewe? Baada ya wiki mlango wa chumba cha kulala ukaanza kukwama, na ufa mwembamba ukatokea juu ya linta, ile boriti ya zege juu ya mlango. Paa husukuma kuta kwenda nje. Kenchi nzima, mshazari na ile mbao ya chini, ndiyo inayozishika kama mshipi. Ukikata kipande kimoja, uzito unatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni ukuta wako. Mhandisi alipofika hakunilaumu. Aliagiza nguzo za muda siku hiyohiyo, kisha akaomba shimo lichimbwe kando ya msingi auone. Udongo wetu wa Nakuru ni wa volkano, na mvua kubwa ikinyesha kuna mahali ardhi hupasuka, kwa hiyo hakukubali kuongeza uzito juu ya msingi asioujua.

Alinieleza kwa hesabu: mbao za inchi 4 kwa 2 za silingi zimewekwa kubeba silingi na balbu. Sakafu ya chumba cha kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni tani 1.8. Na kama una tangi la maji la lita 500 huko juu, hiyo ni nusu tani nyingine imekaa mahali pamoja. Kwangu aliandika boriti mpya za 6 kwa 2, sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, zikikalia ringi bimu (mshipi wa zege juu ya kuta) na ukuta wa mawe wa katikati, bila kugusa silingi ya zamani. Zako zitategemea urefu wa nafasi, usinakili zangu.

Kuhusu karatasi, usidanganywe kwamba ndani ya nyumba yako ni siri yako. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi. Kuanza bila kibali kunaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Michoro ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, ya nguvu za jengo itiwe sahihi na mhandisi aliyesajiliwa, kisha mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Tangu tarehe 1 Machi 2025 tunatumia kanuni mpya za kitaifa za ujenzi, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, kwa hiyo fundi anayekuambia "tumefanya hivi miaka yote" mwulize miaka ipi. Mkaguzi akija, aone boriti kabla hujazifunika.

Mabati mchana yanachoma, na usiku wa Julai yanatoa matone kama yanalia. Acha upenyo wa hewa kati ya mabati na kizuia joto. Nyaya za umeme zilizotupwa juu ya silingi zipitishwe kwenye mabomba kabla ya mbao za sakafu. Dirisha liwe kubwa la mtu mzima kutoka, bila grili isiyofunguka, kwa sababu moto ukianzia jikoni ngazi ndiyo bomba la moshi. Popo wafukuzwe mapema, mimi nilichelewa.

Mama alipanda mara moja, akashika magoti, akasema watoto ndio waende juu. Amechukua chumba chao. Na kitanda cha futi 5 hakikupita kwenye kona ya ngazi, nilikifungua chote nikakiunga upya huko juu.