Namna ya Kutumia Vibadala vya Sukari Bila Kujidanganya

Kabla ya kununua kibadala chochote cha sukari, hesabu kwanza vijiko. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vidogo vitatu, amekwisha kula takriban gramu 50 za sukari, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 mtu mzima wa kawaida asikifikie, na hapo bado hajagusa soda wala keki. Anza basi na vinywaji. Asali na sukari ya kahawia usizihesabu kuwa vibadala, ingawa wengi hujifariji nazo, kwani nazo ni sukari.

Vibadala vyenyewe havifanani. Aspatemu ina utamu unaokaribia mara 200 ya sukari, na sukralosi mara 600, hivyo chembe chache hutosha. Aspatemu hupoteza utamu ikichemka kwa muda mrefu, kwa hiyo itie chai ikishaepuliwa. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kusindika kitu kimojawapo kilichomo kwenye aspatemu, asiitumie kabisa. Sorbitoli, maltitoli na zailitoli ni jamii nyingine, na ndizo hujaa katika peremende zilizoandikwa kuwa hazina sukari. Soma lebo hadi mwisho, maana maltitoli ina takriban nusu ya nishati ya sukari, na anayemaliza pakiti nzima kwa mara moja huenda akashinda chooni. Zailitoli iwekwe mbali na mbwa, kwa kuwa ni sumu kwao.

Katika kuoka, sukari haileti utamu peke yake, bali hushika unyevu, huongeza ujazo na huipa keki rangi. Niliwahi kuiondoa yote nikatia matone ya stevia, kibadala kitokacho kwenye majani ya mmea, nikaopoa kitu kilichodumaa, kikavu na cheupe kama chaki. Tangu hapo hupunguza robo tu ya sukari, na kibadala hukiachia kikombe.

Mwaka 2023 shirika hilohilo lilishauri vibadala kama aspatemu, sukralosi na stevia visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa maoni yangu, kibadala kinafaa zaidi kwa muda, huku ulimi ukizoezwa kuridhika na utamu mdogo. Punguza nusu kijiko kila wiki, na aliyeanza na vijiko vitatu atafika sifuri baada ya wiki sita. Kisha afanye vivyo hivyo kwa kibadala chenyewe.