Paukwa bila pakawa: namna ya kuendelea kuandika vitabu vya watoto

Nilipokuwa mdogo, usiku wa msimu wa karafuu ulikuwa usiku wa kuchambua. Tunakaa kitako kulizunguka jamvi, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanuka mpaka asubuhi. Bibi anasema, "Paukwa!" Tukiitikia kwa usingizi, ananyamaza. "Hampo nyinyi," husema, na mikono yake inaendelea na kazi. Hadithi hairudi mpaka "Pakawa!" itoke kwa sauti ya watu walio macho.

Nafundisha darasa la pili hapa Wete, Pemba, na naandika hadithi za watoto mwaka wa tisa huu. Kila nilipotaka kuacha, sababu ilikuwa moja: nimesema paukwa, chumba kimya. Kwa hiyo hatua hizi karibu zote ni za kutafuta wa kukuitikia. Namna ya kupata wazo la hadithi sikufundishi. Watoto wamejaa mitaani, wasikilize.

Hatua ya 1: Shona kitabu kabla ya kukiandika

Chukua karatasi 8 za A4, zikunje kati kwa pamoja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, pitisha sindano na uzi. Tayari una kurasa 32. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa hizo kwa sababu kiwandani huchapwa karatasi kubwa ambayo ikikunjwa hutoa kurasa 16, na karatasi mbili kama hizo ndizo kitabu. Ukiondoa za jina na hakimiliki, hadithi inabakiwa na kama 28.

Andika kwa penseli, sentensi moja au mbili kila ukurasa, na uchore hata watu wa vijiti. Faida yake ni kwamba kazi ya leo si "kuandika kitabu" tena, ni kujaza kurasa mbili zinazotazamana. Mimi huzijaza baada ya sala ya alfajiri, kabla maji ya chai hayajachemka. Kuna siku inatoka sentensi moja, na hiyo nayo naihesabu.

Hatua ya 2: Wasomee watoto kabla ya watu wazima

Niliwahi kuandika hadithi ya popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana pengine popote duniani. Nilimfanya shujaa anayewinda mbu usiku na kuwaokoa watoto na malaria. Niliipenda mno. Nilipofika ukurasa wa sita, mtoto mmoja wa nyuma, ambaye kwao hawako mbali na Kidike, msitu wanakolala popo hao, akanyanyua mkono.

"Mwalimu, popo huyo hali mbu."

"Anakula nini?"

"Mashelisheli. Na embe. Kwetu anatumalizia."

Darasa zima likaanza kusimulia popo wa kwao, na hadithi yangu ikafa pale pale. Ile niliyoiandika baadaye, ya popo na mtoto wanaogombania shelisheli moja, ndiyo inayoombwa kila muhula. Lau ningempelekea mhariri kwanza, pengine angenisahihishia koma tu.

Unaposoma, shika penseli na utie alama pale watoto wanapoanza kutazama dirishani. Usiwaulize kama hadithi imewapendeza. Mtoto aliyelelewa kwa adabu atajibu "Ndiyo, mwalimu" hata kama alikuwa amelala. Kesho yake mwambie akusimulie yeye. Alichokisahau ujue hakikumshika, kifute.

Hatua ya 3: Weka barza ya watu watano

Nilianza na kundi la WhatsApp la watu 60. Baada ya miezi miwili lilikuwa kundi la salamu za Ijumaa na picha za maua. Ukituma hadithi unapata "Maashaallah" 20, na hakuna hata mmoja aliyefika mwisho.

Sasa tuko watano, kila Alkhamisi baada ya alasiri, kibarazani kwa mmoja wetu. Waandishi ni wawili tu. Wengine ni mwalimu wa maandalizi, kijana anayechora mabango, na mama mmoja anayesuka ukili muda wote na ambaye hajaandika hadithi maishani mwake. Huyo wa mwisho mtafute kwa tochi. Mkono wake ukisimama, hadithi imemshika. Ukiongeza kasi, kata.

Masharti yetu ni machache. Hadithi inasomwa kwa sauti, na mwenyewe haisomi, anasomewa, ili asikie pale ulimi wa mwenzake unapokwama. Akimaliza kusomewa hajitetei. Na anayekuja mikono mitupu anakaribishwa vilevile, maana tukimwaibisha hatarudi.

Hatua ya 4: Usikae na mswada mmoja

Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miezi 14 bila jibu. Muda huo wote sikuandika neno, nilikuwa nangojea simu. Tangu hapo, siku ninayotuma hadithi ndiyo siku ninayoshona kijitabu kingine. Hasira ya kungojea haikuondoka, ila sasa ina mahali pa kwenda.

Hatua ya 5: Toka nje ya barza

Tembelea tovuti ya African Storybook, ina hadithi nyingi za Kiswahili za kusoma bure na unaweza kuweka yako. Leseni yake ni huria, yaani mtu yeyote anaweza kuitafsiri au kuibadilisha mradi akutaje, kwa hiyo anza na hadithi ambayo hutaionea uchungu. Kazi unayotaka kuuza, ulizia habari za hakimiliki COSOZA, ofisi inayoshughulikia hakimiliki Zanzibar. Maktaba nazo usizipite: nenda ukaulize kama unaweza kuwasomea watoto siku moja. Hapo tena unaanza hatua ya pili, kwa watoto wasiokujua na wasiokuonea haya.

Barza nayo haihitaji kuvunjika mtu akihama. Mwenzetu mwandishi alihamia Unguja mwaka jana. Kila Alkhamisi hututumia hadithi yake kwa sauti kwenye simu, anaanza na "Paukwa!" na kisha anangoja. Tukichelewa kumjibu, anapiga.