Kutoka Portal kwenda Portal 2: mbinu za kubeba na mazoea ya kuacha

Wengi wanaomaliza Portal, mchezo wa video wa mafumbo ambamo bunduki hufungua malango mawili na kinachoingia moja hutokea jingine, na kuingia moja kwa moja kwenye Portal 2 hukwama kwa sababu ile ile: wanaendelea kujitafutia njia wao wenyewe, wakati mchezo unawataka wavitafutie njia vitu. Portal, ulioletwa na kampuni ya Valve mwaka 2007 ndani ya mkusanyiko wa michezo wa The Orange Box, una vyumba 19 vya majaribio, kuanzia 00 hadi 18, kisha sehemu ya kutoroka. Mafumbo yake mengi humalizwa na mwili wako: unaanguka, unarushwa, unatua. Portal 2 wa mwaka 2011 una sura 9, na humo kinachopita langoni mara nyingi ni mwale wa leza, daraja la nuru au jeli ya kupaka nyuso. Kanuni za malango ni zile zile.

Anza na wa kwanza hata kama umesikia wa pili ni bora. Ni mfupi, saa tatu nne hivi kwa anayecheza mara ya kwanza, na unafundisha zaidi kuliko mwenzake namna ya kutumia kasi ya kuanguka kujirusha. Unapewa bunduki ya lango la buluu peke yake kwanza. La chungwa huja chumba cha 11. Usiharakishe vyumba vya katikati, maana hapo ndipo mkono unapozoea.

Jaribu hili mpaka likukae. Weka lango la chungwa juu ukutani, la buluu sakafuni chini ya mahali pa juu, kisha jiachie. Kasi ya kuanguka haipotei. Inageuka tu mwelekeo, nawe unatoka ukutani ukiruka mbele. Ukihitaji kufika mbali zaidi, ukiwa hewani piga lango la buluu kwenye sakafu unayoiendea, uingie tena, na utatoka kwenye lile lile la chungwa ukiwa na kasi kubwa zaidi. Makosa ni mawili. La kwanza, kushikilia vitufe vya kutembea wakati wa kuanguka: unapeperuka pembeni na kulikosa lango. Viachie, utazame chini. La pili, kubonyeza rangi isiyo yake: ukipiga la chungwa sakafuni, umehamisha mlango wako wa kutokea, na kasi yote uliyoikusanya inaishia pabaya. Rangi ya kutokea usiiguse ukiwa hewani.

Ukifika Portal 2 utaona mabamba ya kurushia yanakurusha bila wewe kufanya hesabu, na kupiga malango ukiwa hewani kunahitajika mara chache. Kwangu hiyo ni hasara ya kweli. Lakini maarifa yale hayapotei, kwa sababu jeli nayo hufuata sheria ya kasi. Chukua bomba linalomwaga jeli nyeupe, ile inayofanya ukuta mweusi ukubali lango. Lango moja liweke sakafuni chini ya bomba, la pili ukutani likitazama sehemu unayotaka kuipaka. Kadiri bomba lilivyo juu, ndivyo jeli inavyotoka kwa nguvu na kufika mbali. Ikianguka njiani, usihangaike kusogea kidogo kidogo upande. Tafuta ukuta ulio juu zaidi, au sakafu iliyo chini zaidi ya bomba lile lile. Kumbuka pia kwamba malango yote mawili yanatumika wakati wa kumwaga, hivyo amua kabla utasimama wapi baada ya kupaka. Maji huosha jeli, basi ukiona maji yanamwagika chumbani jua yana kazi.

Jeli ya buluu inadundisha na ya chungwa inaongeza mbio. Mdundo hukurudisha karibu na kimo ulichoangukia, kwa hiyo ukitaka kufika juu sana, kuruka kutoka chini hakutoshi. Panda juu kwanza, ndipo ujiangushe.

Leza imechukua nafasi ya yale matufe ya nishati ya mchezo wa kwanza. Tufe lilikuwa suala la wakati: linadunda, linaisha, ukichelewa kuweka lango unangoja jingine. Leza haiishi, kwa hiyo acha kukimbia. Hapa tatizo ni mahali hasa mwale unapogusa lango. Ukiingia karibu na ukingo wa juu, hutokea karibu na ukingo wa juu upande wa pili, na kipokezi, yaani kifaa kinachotakiwa kugongwa na mwale, kinaweza kukoswa kwa kiasi kidogo tu. Hamisha lango kidogo, au tumia kasha lenye lenzi: lishike ndani ya mwale, geuka mpaka mwale ugonge kipokezi, kisha liachie hapo hapo.

Roboti walinzi wenye bunduki zamani uliwaangusha kwa mkono au kwa kuwatupia kasha. Sasa daraja la nuru likipitishwa langoni na kusimama mbele yako huzuia risasi, na leza huwaunguza. Pazia la nishati halijabadilika: ukilipita malango yanafutika, na kasha ulilobeba linayeyuka.

Ukikwama popote, soma chumba kinyumenyume. Anza kwenye mlango wa kutokea, fuata ule mstari wa taa ndogo mpaka kwenye kitufe au kipokezi, uulize kinahitaji nini, kisha uhesabu nyuso nyeupe, yaani zinazokubali lango, zinazoonekana kutoka hapo. Kwenye vile vyumba vikubwa vya zamani vya chini ya ardhi nyuso hizo ni chache na ziko mbali, basi tumia kitufe cha kukuza picha kabla ya kudhani hakuna njia.

Sehemu ya wachezaji wawili haina mfano kwenye mchezo wa kwanza. Kila mchezaji ni roboti mwenye jozi yake ya malango na jozi hizo haziungani, kwa hiyo kubalianeni mapema jozi ipi ni ya kurushia na ipi ya kupitishia daraja. Kwa kuanza pamoja tumieni alama ya kuhesabu sekunde iliyomo ndani ya mchezo.

Anayetaka ugumu zaidi arudi Portal: vyumba 13 hadi 18 vina matoleo magumu, na changamoto zake hupima malango, hatua na muda. Portal 2 hupima malango na muda tu, ila kwenye kompyuta kuna kihariri kilichoongezwa mwaka 2012 cha kujijengea vyumba na kucheza vya wengine.