Unaenda kwa mshauri nasaha na wewe ni mtu wa dini? Fanya hivi

Kwanza toa ile hofu kwamba kwenda kwa mwanasaikolojia ni kumkosea Mungu. Nabii Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mti akaomba afe, na malaika wala hakumhubiria, alimletea mkate na maji, akala akalala, akaamshwa ale tena. Kwa hiyo ukiulizwa unalala saa ngapi na unakula nini usidharau.

Siku ya kwanza kabisa mwambie unasali wapi, nani anakuombea, na kama kuna mtu amekwambia una majini au umerogwa litaje pia, usione aibu.

Ukipewa fomu ya PHQ-9, ile ya maswali 9 ya kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwa wiki 2 zilizopita, jibu ukweli. Hapa wacha Mungu wengi tunaharibu, swali la 9 la kuwaza kufa tunaweka sifuri, yaani hapana kabisa, maana kukubali inaonekana kama huna imani, halafu tunashangaa mbona hatusaidiki. Kujinyenyekeza ndiyo huko, kusema hali ilivyo. Siyo kujiponda eti mimi si kitu, mimi nimeangusha familia yangu yote, hiyo mara nyingi ni sonona inaongea na ndiyo maana swali la 6 linaiulizia. Kama kosa lile lile umelitubia weee na bado linakuamsha usiku, mpelekee mshauri hivyo hivyo lilivyo.

Na usiwe mtu wa ndiyo ndiyo. Akisema kitu kinagongana na imani yako mwambie palepale, "hapo mimi sikubaliani", hataumia, ni kazi yake.

Dawa sasa. Usiache ghafla kwa sababu umeombewa ukajisikia mwepesi, maana za sonona ukizikata tu unaweza kupata kizunguzungu na kukosa usingizi. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, aongee na daktari kabla ya Ramadhani, mwili ukikaukiwa maji dawa inajaa kwenye damu mpaka inadhuru, na mgonjwa ameruhusiwa kula akalipa baadaye, soma Al-Baqara 184.

Wazo la kujiua likija usisubiri apointimenti wala mkesha wa Ijumaa, nenda hospitali usiku huohuo, atakayekusindikiza akuombee mkiwa njiani.