Jiko jipya limewekwa pembeni: jinsi ya kuitafuta sababu ndani ya nyumba yenyewe

Kazi yangu ni kufuatilia majiko baada ya walioyagawa kuondoka. Ya gesi, ya biogesi (gesi itokayo kwenye kinyesi kilichooza ndani ya mtambo), ya umeme, majiko banifu yanayotumia kuni chache: yote nimewahi kuyakuta yamegeuzwa meza, yamepangiwa vyombo na magunia juu. Kwenye ripoti za miradi sababu inayoandikwa ni ileile, kwamba wananchi hawana elimu. Naomba uifute sentensi hiyo kichwani kabla hujabisha hodi. Anayepika kila siku anaujua moto kuliko mimi na wewe, na akiliacha jiko ana sababu. Umetumwa kuitafuta sababu hiyo.

Anza kwa macho. Ukiuliza "jiko mnalitumia?" utajibiwa ndiyo, kwa sababu wewe ni mgeni na jiko lilikuja kwa mkono wa wageni. Darfur, nchini Sudan, watafiti walifunga vihisi joto kwenye majiko ya kuni yaliyogawiwa, kisha wakalinganisha na majibu ya wapishi. Watu walitaja matumizi makubwa kuliko yale yaliyoonyeshwa na vihisi. Huo haukuwa uongo wa kukusudia mabaya, ni adabu. Kwa hiyo tazama majivu ya mafiga kama bado yana joto, masizi kwenye sufuria kama ni mapya, lundo la kuni kama linapungua na kujazwa tena. Kama ni gesi, omba kuupima mtungi: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, toa namba hiyo kwenye uzito uliopata, utajua gesi iliyobaki. Linganisha na tarehe waliyojaza mara ya mwisho.

Baada ya hapo usiulize habari za jiko kabisa. Sema: "Nisimulie jana, tangu mlipoamka mpaka mlipolala, kila mara moto ulipowashwa." Hii ndiyo sehemu ya ziara ninayoipa muda mrefu kuliko zote. Nani aliwasha, wapi, chombo gani kilikaa juu, na moto uliachwa uwake mpaka saa ngapi? Utaanza kusikia kazi ambazo mradi haukuzifikiria. Maji ya kuoga. Chakula cha mifugo kinachopikwa kwenye chungu kikubwa. Joto la usiku kwa mzee au mtoto mchanga. Nafaka inayokaushwa darini, moshi unaofukuza wadudu kwenye paa la nyasi, mwanga wa kukalia na kuzungumza. Moto wa mafiga unafanya kazi hizi zote kwa pamoja, na jiko ulilolileta huenda linafanya moja tu, tena kwa sufuria za ukubwa fulani.

Ndiyo maana nyumba nyingi haziachi wala hazihami: zinachanganya. Chai ya asubuhi kwa gesi kwa kuwa watu wana haraka, chakula cha saa nyingi kwa kuni. Ukimkuta mama wa nyumba anafanya hivyo, ujue amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa kipato na muda alionao.

Tatizo liko kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kikomo ambacho shirika hilo lilipendekeza mwaka 2021 kwa chembechembe ndogo za hewani ni maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, wakati jiko la mafiga ndani ya nyumba hupandisha hewa ya jikoni hadi mamia. Na madhara hayapungui kwa uwiano sawa na moshi: ukiuondoa nusu, sehemu kubwa ya hatari bado ipo. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike tu kwamba jiko jipya linatumika. Andika mafiga yaliwashwa mara ngapi jana, na kwa kazi gani. Nyumba inayotumia gesi kila siku huku mafiga hayazimiki bado inavuta moshi, hata kama ripoti inaihesabu kuwa imefanikiwa.

Ukishapata orodha ya kazi, kila kazi iliyobaki kwa mafiga iulizie kwa nini. Majibu mengi ninayopewa yanaangukia kwenye nishati yenyewe, umbo la jiko, au matengenezo.

Kwa gesi, usiulize bei, uliza pesa huingia lini na nani anazishika. India ilianzisha mwaka 2016 mpango wa Ujjwala, wa kuzipatia kaya maskini gesi ya kupikia, na kufikia Septemba 2019 ulikuwa umeziunganisha kaya milioni 80. Kupata mtungi wa kwanza kulirahisishwa sana. Kuujaza tena ndiko kulikokwama: utafiti wa Koppal, jimbo la Karnataka, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliounganishwa na mpango huo walinunua mitungi michache kuliko wateja wengine wa vijijini. Kuni za kuokota hazitoi pesa mfukoni, zinatoa muda na mgongo wa mtu, mara nyingi mwanamke ambaye si yeye anayeamua pesa iende wapi. Kaa na wote wawili, mke na mume. Mweleze baba kwa saa, si kwa mahubiri: saa za kutafuta kuni kwa wiki, na nini kingefanyika katika saa hizo. Kisha ulizia mtungi mdogo au malipo ya kidogo kidogo, kwa sababu kaya inayopata pesa kwa mafungu madogo haiwezi kutoa pesa ya mtungi mkubwa kwa mara moja. Usisahau njia ya kuufikisha mtungi nyumbani. Mtungi mzito na barabara mbovu vinatosha kuirudisha familia kwenye kuni.

Kwa biogesi fanya hesabu mbele ya wenyewe. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi. Kilo 20 kwa siku ni lita 800 hivi, yaani saa mbili hadi nne za moto kwenye kichomeo kimoja, kutegemea ukubwa wake. Na kinyesi hicho kinataka maji karibu ya kiasi sawa. Uliza: ng'ombe wanalala zizini au wanashinda malishoni? Maji yanabebwa na nani, kutoka wapi, wakati wa kiangazi je? Msimu wa baridi gesi hupungua, na usipowaambia mapema watadhani mtambo umekufa.

Kwa jiko banifu la kuni, leta sufuria yao kubwa uiweke juu mwenyewe. Ikiyumba wakati wa kukoroga kwa nguvu, hakuna haja ya swali jingine: hakuna mama atakayehatarisha watoto waungue. Angalia pia mdomo wa kuni. Mdomo mwembamba unataka kuni zilizopasuliwa vipande vidogo, na kazi ya kupasua imeongezwa kwa mtu aliyeambiwa kwamba anapunguziwa kazi.

Matengenezo ndiyo yanayoniumiza zaidi, kwa kuwa yanaepukika. Katika jimbo la Odisha, India, wanauchumi Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia majiko ya udongo yenye bomba la moshi kwa miaka hadi minne. Mwaka wa kwanza moshi unaovutwa ulipungua. Baadaye faida ilitoweka, kwa sababu kaya hazikuyatumia kila wakati wala hazikuyakarabati ipasavyo, na matumizi yakashuka. Basi uliza: bomba husafishwa na nani, mara ngapi? Kipuri kikivunjika kinapatikana wapi? Fundi anaitwa kwa namba gani? Kama mhusika hana jibu, jiko lile litaachwa, ni suala la muda tu. Kufundisha vijana wawili wa kijijini na kuwaachia vipuri kuna maana kuliko kugawa majiko mengine.

Hofu ya mlipuko usiipuuze wala usiicheke. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi, mwache mpishi mwenyewe atazame kama mapovu yanakua. Mwonyeshe kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, kwa hiyo mlango na matundu ya chini visizibwe. Mtungi ukae wima daima.

Sasa chagueni kazi moja tu ya kuihamisha, ile inayokula kuni nyingi zaidi. Kama ni vyakula vikavu vya kuchemka kwa saa nyingi, kuvilowesha usiku kucha na kutumia sufuria ya presha hupunguza muda wa moto kwa kiasi kikubwa. Kama ni kusubiri sufuria ya kwanza ishuke, tatizo ni kichomeo kimoja, na cha pili kitafanya kazi kuliko semina.

Watembelee pia wasioliacha jiko jipya. Waulize swali lilelile la jana. Utakuta jirani anayetumia jiko la aina hiyo, fundi wa karibu, na mara nyingi mume anayejaza mtungi bila kukumbushwa.

Rudi baada ya mwezi, kisha msimu wa mvua kuni zinapokuwa mbichi, kisha baada ya mavuno. Kaya ikikuambia hailitaki jiko, lipokee, andika sababu kwa maneno yao wenyewe, na umpelekee aliyeliagiza.