Kuzuia uvujaji wa oili kwenye injini ya Corolla 110 ukiwa nyumbani

Toyota Corolla AE110 ilitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1995 hadi 2000, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imekwisha kuvuka miaka ishirini, na mipira inayozuia oili isitoke kwenye injini yake ya 5A-FE imekakamaa kwa joto la miaka yote hiyo. Sehemu nyingi zinazovuja katika injini hii ziko juu, mahali ambapo mtu mwenye spana za kawaida anafika bila shida, na zinaweza kutengenezwa uani kwa nusu siku. Kazi ngumu ni kujua oili inatoka wapi hasa, kwa sababu huteremka taratibu na kurushwa nyuma na upepo wakati gari linakwenda, kisha ikadondoka mbali na pale ilipotokea. Wako watu waliobadilishiwa sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kazi inayotaka giaboksi ishushwe, ilhali kilichokuwa kinavuja ni oringi ndogo, yaani mpira wa duara, ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, kilicho juu ya giaboksi hiyo hiyo.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba kinachovuja ni oili ya injini. Tandika katoni safi chini ya injini gari linapolala, na asubuhi uangalie matone. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Ile ya giaboksi ya otomatiki na ya pawa stelingi kwa kawaida huwa nyekundu, ingawa ikichakaa nayo hugeuka kahawia. Maji ya rejeta yenye kulanti huwa ya kijani au ya waridi na hayana utelezi wa oili. Pima pia kiwango cha oili kwa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, gari likiwa mahali tambarare, kisha ulinganishe baada ya wiki moja ya matumizi. Ikiwa kiwango hakishuki na injini inatoa jasho tu pembezoni mwa gasketi (kizibo cha maungio), sioni sababu ya kuifungua. Oili inayofikia manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, ni jambo jingine: hiyo isiachwe hata ikiwa ni kidogo, maana manifoldi ikipata moto oili inaweza kuwaka.

Hatua inayofuata ni kuosha injini, na hii ndiyo ambayo wengi huiruka. Injini ikiwa baridi kabisa, funika distribyuta na alternata kwa mifuko ya nailoni, paka dawa ya kuoshea injini au maji ya moto yenye sabuni ya unga, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji ya taratibu. Petroli isitumike kwa kazi hii, kwa kuwa mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo tu. Injini ikikauka, nyunyiza poda ya watoto kwenye sehemu unazozishuku, acha iungurume kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha izime na uangalie kwa tochi. Mahali oili inapotokea, poda hulowa na kubadilika rangi. Siku zote tafuta mahali palipolowa palipo juu kuliko pengine pote; yaliyo chini yake huenda ni michirizi tu.

Katika injini hii ukaguzi huanzia kwenye tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wenye tundu la kujazia oili. Gasketi yake ya mpira ikikakamaa, oili huteremka ubavuni mwa injini, na ile mipira ya duara inayozunguka mashimo ya plagi ikichoka, oili hujaa ndani ya mashimo hayo. Ukichomoa waya wa plagi ukakuta ncha yake imelowa oili, umeipata sababu, na huenda pia umepata sababu ya injini kukosa silinda moja, yaani silinda moja kutowaka. Baada ya hapo angalia distribyuta iliyofungwa ubavuni mwa silinda hedi (kichwa cha injini), kisha swichi ya presha ya oili, filta, na boliti ya kumwagia oili kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.

Kabla ya kununua gasketi yoyote, kagua valvu ya PCV. Gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia chini ya injini, na valvu hii ndiyo inayoziruhusu kutoka kupitia mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya hewa. Ikiziba, presha hujikusanya na kutafuta njia kwenye sili na gasketi, hata zile mpya. Injini ikiwa inaunguruma, chomoa valvu kutoka kwenye kava bila kuitenganisha na mpira wake, kisha uzibe ncha yake kwa kidole: lazima usikie mvuto. Ukiizima injini na kuitikisa valvu, lazima igonge ndani. Isipogonga, nunua mpya, kwani bei yake ni ndogo. Lakini ikiwa valvu ni nzima na bado moshi unasukumwa kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, ringi zimekwisha, na gasketi haitatibu ugonjwa huo.

Unaponunua gasketi ya tapeti kava, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na namba ya chasisi au namba ya injini, kwa maana injini za 4A-FE na 5A-FE zimefanana machoni na muuzaji mwenye haraka hukupa iliyopo. Chukua pamoja nayo mipira ya mashimo ya plagi na washa za mpira zinazokaa chini ya nati za kava, kwani nazo zimekakamaa kwa umri ule ule.

Injini ikiwa imepoa, toa kebo hasi ya betri. Weka namba kwenye kila waya wa plagi kwa karatasi ya gundi, kisha uvute kwa kushika kifuniko chake cha mpira, si waya wenyewe. Ikiwa mashimo ya plagi yana oili, inyonye kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti kabla ya kufungua plagi yoyote, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda. Toa mipira ya hewa iliyoungwa kwenye kava, kisha legeza nati kidogo kidogo kwa kuzungukia zote. Kava likigoma kutoka, ligonge pembeni kwa nyundo ya mpira au kiganja. Usilichokonoe kwa bisibisi, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu, na mchubuko mmoja wa chuma utakuwa njia ya kudumu ya oili.

Kava likishatoka, funika kemshafti, mhimili unaofungua valvu, kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Kwangua mabaki ya mpira wa zamani kwa kipande cha plastiki au mti mgumu, safisha mfereji wa gasketi ndani ya kava, na ufute pande zote mbili hadi zikauke kabisa. Gasketi mpya ikae ndani ya mfereji bila kujikunja. Silikoni huwekwa tone dogo tu kwenye pembe ambazo vishikizo vya mwisho vya kemshafti vinakutana na silinda hedi. Ile desturi ya kuzungushia silikoni gasketi nzima naipinga kabisa: ziada yake humeguka ndani, na vipande vikifika kwenye chujio la pampu ya oili vinaweza kuinyima injini oili. Rudisha kava kabla silikoni haijaanza kukauka, na usome maelezo ya kopo kuhusu muda wa kusubiri kabla ya kuwasha gari.

Kukaza nati ndiko kunakoharibu kazi za watu wengi. Nati hizi zinahitaji nguvu ndogo mno, takribani Nm 6 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ambayo kwa spana fupi ya namba 10 ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Zikaze kwa mizunguko kadhaa, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukizidisha, utakata stadi (skrubu inayoshika nati) au utaupinda mfuniko, na oili itavuja kuliko mwanzo.

Kwa distribyuta, tia alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye mwili wake hadi kwenye silinda hedi, uweke na alama ya mahali rota, kipande kinachozunguka ndani yake, inapoelekea, kwa kuwa ikirudi imejizungusha kidogo tu, muda wa cheche utabadilika. Usiizungushe injini wakati distribyuta iko nje. Toa oringi ya zamani, paka mpya oili kidogo, rudisha distribyuta kwa kufuata alama, kisha kaza boliti zake.

Uvujaji wa chini hutaka tahadhari zaidi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma na uzuie magurudumu ya nyuma, na tofali usilitumie, kwa maana hupasuka bila kutoa dalili. Boliti ya sampu ikivuja, badilisha washa yake kabla ya kufikiria kukaza zaidi, maana kukaza kupita kiasi huua nyuzi za sampu. Filta ikivuja mara tu baada ya sevisi, angalia kama mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye bloku (mwili wa injini); mipira miwili ikipandana, oili yote inaweza kumwagika kwa dakika chache. Sili ya mbele ya krenki na ile ya kemshafti zinahitaji taiming belti itolewe, kwa hiyo zibadilishwe siku ya kubadilisha belti, na fundi. Sili ya nyuma ya krenki mpelekee mwenye gereji moja kwa moja. Dawa za kumiminwa ndani ya oili ili kuziba uvujaji hulainisha mpira uliokakamaa kwa muda, ila mpira uliopasuka haziwezi kuuunga.

Ukimaliza, jaza oili hadi alama ya juu, washa gari, liache lipate joto likiwa limesimama, na ukague kwa tochi. Liendeshe safari fupi, kagua tena, kisha utandike katoni nyingine usiku. Harufu ya oili inayoungua inaweza kuendelea kwa siku chache, mpaka mabaki yaliyoko kwenye manifoldi yaishe. Oili chafu iliyotoka ifunge kwenye dumu na uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Usiimwage mtaroni wala karibu na kisima.