Masomo yamehamia mtandaoni ghafla? Waulize wanafunzi hivi

Kama we ni kiongozi wa darasa au lekchara na masomo yamehamishiwa mtandaoni fasta kama ilivyokuwa 2020 kipindi cha korona, usikimbilie kuuliza "mnapenda onlaini au hampendi", hilo swali halikupi kitu. Mtu anaweza kuchukia bando kukata katikati ya kipindi huku lekcha iliyorekodiwa anaipenda sana kwa sababu anairudia mpaka aelewe, sasa ukichanganya vyote unapata jibu la hovyo. Tenganisha: intaneti na kifaa, sehemu ya kusomea nyumbani, mwalimu anavyofundisha, mitihani, na upweke, hapo kwenye upweke wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Alafu kubwa kuliko yote, usitume fomu ya mtandaoni peke yake jamani! Wenye shida ya netiweki ndo hawataijaza, utabaki na majibu ya wanaojiweza tu na utadhani mambo safi. Wapigie simu au tuma meseji za kawaida. Majina yasiandikwe popote, hata ya uliowapigia simu, wanaogopa kukatwa maksi. Na rudia kuuliza baada ya wiki kadhaa, maana hasira za wiki ya kwanza huwa zinapoa, shida ya bando haipoi.